Njoo, Hatushindwani

Mama yangu aliuza kanga Mchangani, Unguja, katika duka ambalo wateja watatu wakiingia, wa nne husubiri barazani. Kila likizo ya shule nilikaa naye, na kazi yangu ilikuwa kukunja upya doti zilizokunjuliwa. Mtoto aliyeketi mkekani haoni nyuso za watu wazima, anaona mikono. Kwa hiyo biashara niliisoma mikononi. Mkono unaopapasa kanga katikati, kwenye mji, ni wa mtu anayepita tu. Mkono unaoshika pindo na kulisogeza kwenye mwanga unatafuta kasoro ya rangi, na anayetafuta kasoro amekwisha kuanza kununua. Na mteja anayelisoma jina la kanga mara mbili, ya kwanza kimoyomoyo na ya pili kwa sauti, huyo ana mtu wake kichwani ambaye lazima maneno yale yamfikie.

Mteja wa namna hiyo aliuliza bei, akatajiwa, akaguna, akairudisha kanga mezani na kutoka. Mama hakusema kitu. Alimwacha ateremke ngazi, aipite baraza ya jirani, akaribie kwa muuza kahawa. Hapo ndipo alipoita, bila kupaza sana: "Njoo mwanangu, hatushindwani!" Na mtu aligeuka. Hatua zile nilizihesabu mara nyingi. Zilikuwa kati ya saba na kumi. Angemwita akiwa bado mlangoni, mteja angejua kwamba bei ya kwanza ilikuwa hewa. Angechelewa, watu wa soko la Darajani wangemmeza.

Leo naishi Leicester, Uingereza, na ninauza postikadi na stempu za zamani za Afrika Mashariki kwenye eBay. Meza ya jikoni ndiyo duka. Hapa hakuna mkono wa kuutazama. Mteja akipendezwa na kitu hugonga alama ya moyo, kitu kikaingia katika orodha ya vitu anavyovifuatilia, nami naoneshwa tarakimu tu: watu 3, watu 6, watu 11. Majina siyaoni. Sijui kama yuko Lisbon au Mumbai, kama ni kijana au mzee, kama amekishika kitu kwenye mji au kwenye pindo. Lakini karibu na tarakimu ile kuna mahali pa kuwatumia ofa, yaani kuwaandikia wote kwamba kwao wao bei imeshuka. Ni hapo ambapo kila wiki namkumbuka mama, kwa sababu kazi ni ile ile: kumwita mtu aliyekwisha kutoka dukani, naye bado anaifikiria kanga.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Muuzaji huchagua kitu, huandika bei mpya iliyo chini ya ile ya awali kwa asilimia 5 au zaidi, akitaka huongeza ujumbe mfupi, kisha hutuma. Mfuatiliaji kwa kawaida hupewa saa 48: akubali, akatae au, muuzaji akiwa ameruhusu, arudishe bei yake. Kitu kikiwa kimoja, wa kwanza kukubali ndiye mwenye nacho. Poshmark, soko la nguo za mitumba lililoanza California mwaka 2011, lina desturi ya aina hiyo, ila lenyewe hudai punguzo la angalau asilimia 10 pamoja na nafuu ya gharama ya kusafirisha, na muda ni saa 24. Hiyo ni mashine. Ufundi unaanza mashine inapoishia: wakati gani, kiasi gani, kwa maneno gani.

Watu wa huku ninakoishi hawajazoea kuomba wapunguziwe. Nilipofika nilidhani ni kiburi, kumbe ni haya iliyolelewa kwa karne kadhaa. Katika karne ya 17 Waquaker wa Uingereza, wafuasi wa George Fox, walikataa kupatana bei, kwa sababu waliona kwamba kutaja bei usiyoikusudia ni kusema uongo. Wakataja bei moja kwa kila anayeingia, hata akitumwa mtoto. Mwaka 1852 Aristide Boucicaut aliingia ubia katika duka la Bon Marché huko Paris, akalikuza kwa bei zilizoandikwa wazi kwenye bidhaa, na huko Philadelphia John Wanamaker akafuata njia hiyo hiyo. Silidharau wazo lile hata kidogo. Mjanja na mnyonge wanalipa sawa, na mtoto aliyetumwa dukani haibiwi. Lakini liliwanyang'anya watu lugha ya kupatana. Mwingereza anaweza kuifuatilia postikadi miezi minne, akaifungua kila usiku, asiandike hata mara moja kuuliza kama inapungua.

Kwetu tangazo huandikwa "bei maelewano" na kila msomaji anajua kwamba mlango uko wazi. Huku mlango uko wazi pia, maana eBay iliwaruhusu wanunuzi kupendekeza bei zao tangu mwaka 2005, lakini wengi hawaingii. Wanasimama nje wakitazama dirishani. Basi anayepaswa kufungua kinywa kwanza ni muuzaji. Wapo wanaoiona ofa kama kelele ya duka lililokosa wateja. Mimi naiona kama ukarimu kwa wenye haya, na sijawahi kupata sababu ya kubadili mawazo.

Neno letu mnada limetoka kwa Waarabu, katika shina la kuita, na kunadi kwetu bado ni kuita. Asubuhi katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, mnadi huita na bei hupanda mpaka apatikane wa mwisho. Ndivyo eBay nayo ilivyoanza. Mwaka 1995 Pierre Omidyar aliifungua kule California kwa jina la AuctionWeb, na kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kielekezi cha leza kilichovunjika, kwa dola 14.83. Alimwandikia mnunuzi kuhakikisha kama ameelewa kuwa ni kibovu, akajibiwa kwamba mnunuzi hukusanya vibovu. Kila ninapoweka stempu iliyopungukiwa jino naikumbuka habari hiyo. Kitu kina mtu wake. Tatizo ni kumfikia.

Ofa ya muuzaji, hata hivyo, huenda kinyume cha mnada wa Feri. Bei inashuka. Ndugu yake wa karibu ni mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi, ambako mawaridi ya Naivasha, Kenya, hupita pamoja na maua ya nchi nyingine. Pale bei huanza juu kwenye saa kubwa, ikateremka haraka, na wa kwanza kubonyeza ndiye anayechukua. Anayengoja senti moja zaidi huona maua yakienda kwa jirani. Watu sita wanapopata ofa yangu Jumapili jioni, kila mmoja yuko mbele ya saa ile bila kuwaona wenzake.

Kuhusu kiasi nina mengi ya kusema, kwa kuwa hapa ndipo wauzaji wengi wanapoharibu. Asilimia 5 ya pauni 12 ni pensi 60. Kumshtua mtu kwa mlio wa simu kwa ajili ya pensi 60 ni kumbughudhi, na atakukumbuka kwa ubahili. Asilimia 5 ya albamu ya pauni 200 ni pauni 10, na hiyo inaonekana mfukoni. Kwa hiyo asilimia siitazami. Natazama pesa ile itamfanyia nini mnunuzi. Kwa vitu vidogo napunguza kiasi kinachofuta gharama ya posta, kwa sababu najua kwa hakika kwamba posta ndiyo inayowakwaza: mtu yuko tayari kutoa pauni 9 kwa picha, lakini hayuko tayari kutoa pauni 2 kwa bahasha.

Wachumi Matthew Backus, Thomas Blake na Steven Tadelis waliwahi kuchunguza jinsi bei zinavyoandikwa eBay. Waligundua kwamba muuzaji anayeandika namba ya mviringo, kwa mfano 100, anaashiria kuwa yuko tayari kushuka. Hupata ofa za chini zaidi, lakini huzipata mapema na huuza kwa urahisi zaidi. Katika uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2020, wao na Brad Larsen walifuatilia mamilioni ya mapatano ya bei, wakaona watu wana mwelekeo mkubwa wa kukutana katikati. Nilipoyasoma hayo nilimsikia mama akisema kwa mteja, "Basi changu na chako, tugawane." Tangu hapo vitu ninavyotaka viondoke haraka huvipa namba ya mviringo. Kitu nilichokipigia hesabu kwa makini hukiandika 23 au 47, ili anayesoma ajue kwamba namba hiyo imefikiriwa. Na ofa yangu siku zote huacha nafasi: akinirudishia bei yake na tukagawana, nusu ile iwe bado bei ninayoweza kuishi nayo.

Hapa Waquaker hunisumbua, na ni haki yao. Nikiacha nafasi, je, bei ya kwanza haikuwa uongo? Nimelifikiria swali hili miaka mingi. Jibu langu ni kwamba bei ya kwanza ndiyo ninayoona kitu kinastahili leo, kwa mtu yeyote, na akitokea wa kuilipa namshukuru bila kujisikia mwizi. Ofa ni ya mtu aliyengoja pamoja nami. Siku zimepita, kitu bado kiko kwenye boksi chini ya meza, na yeye bado anakitazama. Hali imebadilika kwetu sote wawili, kwa hiyo bei ina haki ya kubadilika. Lakini muuzaji anayepandisha bei Jumatatu ili aonekane ameishusha Ijumaa, huyo Waquaker walimjua vizuri. Sijafanya hivyo, na anayefanya hivyo anachafua kazi ya wengine.

Wakati ni mgumu kuliko kiasi. Hatua za mama kwangu zimekuwa siku. Ndani ya siku mbili za kwanza moyo uliogongwa hauna maana kubwa. Watu hugonga kama mkono unaopapasa mji wa kanga. Ifikapo wiki, wapitaji wamekwisha kusahau na waliobaki ni wale wa kwenye pindo. Natuma kati ya siku ya saba na ya kumi, Jumapili saa moja jioni, watu wakiwa nyumbani wameshakula, na nikiweza naisogeza mpaka mishahara iwe imeingia, mwisho wa mwezi.

Somo hili nililipia. Nilikuwa na seti ya stempu za Zanzibar za mwaka 1964, zile za Sultani zilizogongwa neno "Jamhuri" baada ya Mapinduzi ya Januari. Ziligongwa kwanza kwa muhuri wa mkono, baadaye zikachapwa kwa mashine. Yangu ilikuwa ya mkono, na wino wa herufi J ulikuwa umefifia upande mmoja, kama muhuri uliinamishwa na mtu mwenye haraka. Niliiwekea bei ya pauni 60. Walikuwapo wafuatiliaji wanne, na mimi nilikuwa na kodi ya nyumba. Nikatuma ofa ya 55 siku ya tatu. Wiki iliyofuata 50. Iliyofuata tena 45. Kimya. Wiki ya nne sikutuma, na mmoja wao akaniandikia kwa adabu kabisa kuuliza kama ofa ya wiki hiyo imechelewa. Nilielewa hapo hapo nilichokuwa nimekifanya: nilikuwa nimemfundisha kungoja. Mama hakuwahi kumwita mteja mara mbili. Sasa kitu kimoja hukitumia ofa mara moja, na isipojibiwa nakiacha kwa miezi, hata kama wafuatiliaji wameongezeka.

Nije kwenye maneno. Nafasi ya ujumbe ni ndogo na wengi huiacha tupu au huijaza kwa "haraka haraka, mwisho leo, usikose." Maneno hayo hayamwambii mtu chochote kuhusu kitu anachokipenda. Mimi huandika jambo ambalo picha haikulionesha vizuri, pamoja na kasoro.

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa na postikadi yenye picha ya jumba la Beit al-Ajaib, ya studio ya A. C. Gomes, mpiga picha wa asili ya Goa aliyefanya kazi Unguja. Tangu sehemu ya jumba lile ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, siwezi kuweka sokoni picha yake kabla sijaitazama mwenyewe kwa jioni nzima. Jumba lilijengwa mwaka 1883. Kabla ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 mnara ulisimama peke yake mbele ya jengo. Katika matengenezo ya baadaye mnara ukaunganishwa na uso wa jengo lenyewe. Kwa hiyo mnara ni kalenda. Ukiuona umeshikamana na veranda, unajua ni baada ya vita vile vya chini ya saa moja.

Niliiweka kwa pauni 24. Siku ya kumi na moja, maana nilingoja Jumapili, ilikuwa na watu 6. Niliandika bei ya pauni 20 na maneno haya: mnara umeungana na jengo, hivyo picha ni ya baada ya 1896, muhuri wa posta unasomeka, 1908, kona ya chini kulia imekunjika na nimeipiga picha kwa karibu. Nikatuma, nikaenda kuosha vyombo.

Mmoja alikataa baada ya dakika chache. Wanne hawakujibu kamwe. Kabla ya saa tatu mmoja akarudisha pauni 17. Nikamwandikia 18.50, akakubali papo hapo, na chini yake akaeleza kwamba ana postikadi tatu za uso ule wa jumba, zote zimepigwa kutoka baharini, na hii ya kwangu ilipigwa kutoka upande wa bustani. Alikuwa ameifuatilia tangu siku ya pili. Aliandika kwamba aliona bei iko juu ya uwezo wake, na hakutaka kunivunjia heshima kwa kutaja ndogo.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeinakili kwenye daftari langu la mahesabu. Mtu amesimama siku tisa mlangoni, pesa anazo karibu za kutosha, na kinachomzuia ni adabu. Nisingeandika, angeendelea kuitazama, nami ningeendelea kuamini kwamba haitakiwi. Niliiweka postikadi kwenye plastiki, katikati ya kadibodi mbili, ndani ya bahasha ngumu, na nikamtilia nyongeza: kadi ya kawaida ya Forodhani, Unguja, ya miaka ya 1970, ya thamani ndogo tu, lakini nayo imepigwa kutoka nchi kavu.

Wasiojibu siwahesabu kuwa wamenikataa. Baadhi ni wauzaji wenzangu wanaotaka kujua kitu kitaishia bei gani. Na nina hakika, ingawa majina siyaoni, kwamba baadhi ni watu wa kwetu waliotawanyika Muscat, London na Toronto, wanaoifungua picha ya Forodhani dakika mbili kabla ya kulala. Hao waendelee kuifungua. Duka halina mlango wa kuwafukuzia.

Duka la Mchangani sasa linaendeshwa na mdogo wangu wa kike. Kila jora jipya likifika hupiga picha doti moja moja na kuziweka kwenye status ya WhatsApp. Ana bahati ambayo mimi sina: simu inamwonesha majina ya waliotazama. Miezi miwili iliyopita alinipigia. "Dada, watu ishirini na sita wameitazama hii ya zambarau, na hakuna hata mmoja aliyeuliza bei. Niishushe?" Nikamwambia asiishushe kwa wote. Aache status ifutike yenyewe, saa 24 zipite, kisha awachague wale anaojua wanalipenda jina lile, amwandikie kila mmoja peke yake, kwa jina lake, na bei yake.

Aliwaandikia wanne. Watatu walinunua jioni ile. Wa nne, mama mmoja mtu mzima wa Pemba, alinyamaza siku mbili nzima, kisha akajibu kwamba alikuwa msibani, simu hakuishika. Akauliza kama bei ile bado ipo.

Mdogo wangu akamjibu: "Shikamoo shangazi, pole sana. Ipo. Nimekuwekea."